Nati ya Gurudumu la Mbele

Vumbi la Mwanjelwa halina haraka. Hunyanyuka nyuma ya magurudumu, husimama hewani, jepesi, jekundu, likisubiri jua lichomoze upande wa Uyole. Na jua lilipochomoza Jumatatu nilikuona, Yasmini, mgongo wako ndani ya vumbi, vumbi ndani ya mwanga, helmeti imekaa upande juu ya ushungi. Uliinua mkono bila kugeuka, maana ukigeuka unayumba. Kisha vumbi likashuka, likatua kwenye meza yangu ya kazi, likatua kwenye nyusi zangu, na barabara ikawa tupu.

Niliogopa. Nianzie hapo, nisije nikajipamba. Niliogopa kabla ya kuwa na sababu, na sababu ilipokuja ilinikuta nimekaa tayari, hofu imekaa pembeni yangu kama mgeni aliyezoeleka.

Wewe ni muuza vitenge, mlango wa pili kutoka kwangu, mjukuu wa mzee aliyepanda kutoka pwani na majora ya nguo, akaonja viazi vya Mbeya, akasahau njia ya kurudi. Mimi ni Tupokigwe, fundi baiskeli, binti wa fundi baiskeli. Miaka kumi na mmoja tunagawana kivuli kimoja, jiko moja la mkaa na umbea mmoja. Baiskeli umejifunza mwezi wa tano, mbele ya duka langu, ukipiga mayowe kama unachinjwa, na mtaa mzima ukaacha biashara kuja kukutazama. Na mwezi wa tisa, eti, unakwenda Iringa.

Evarista ndiye aliyelianzisha. Evarista mkunga, Mhehe wa Kalenga, mtu wa maneno machache na hatua ndefu. Kwenye kituo chake cha afya, huko Iringa, watoto njiti hulazwa kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, na joto la mama ni dawa. Lakini mapafu yakichoka, mashine ya kuwasaidia kupumua hakuna. Evarista huweka kidole juu ya kifua kidogo, akafuata pumzi, moja, nyingine, moja, mpaka isije nyingine. Akasema tuendeshe baiskeli, siku nne, Mbeya mpaka Iringa. Watu watatuuliza tunakimbilia wapi, tutawaambia, na wakishaambiwa watachanga. Gwakisa, mwalimu, mwimba besi wa kwaya yetu, akasema yumo. Wewe ulisema umo kabla hujaulizwa.

Mimi goti langu la kushoto lilivunjwa na bodaboda mwaka jana, na goti hilo haliendi Iringa, linakwenda chooni na kurudi, tena kwa kulalamika. Nikapewa kazi ya mbali. Kwanza niziunde baiskeli zenu tatu. Kisha nikae Mbeya na simu, nipokee sauti zenu kila jioni, nizipeleke kwenye kundi la wasapu la wachangiaji, watu mia na ushee, halafu niwarudishie ninyi sauti za watu hao, hongera zao na dua zao na nyimbo zao. Mlikuwa miguu, nami nilikuwa masikio. Niliipenda kazi ile.

Lakini kuna jambo moja la asubuhi ile ya Jumatatu ambalo lazima nilitaje, hata kama wewe ulikuwepo. Gwakisa alikuwa na spana kwenye begi lake. Nikamuuliza ya nini. Akasema tahadhari tu, dada. Nikaichomoa mwenyewe, nikaitupa mezani, nikasema mbele ya watu wote waliokuja kuwaaga, nimejishika kiuno, tumbo mbele:

“Nikikaza mimi, hakazi mwingine.”

Watu wakacheka. Wewe ukapiga vigelegele. Mtu akarekodi, akaitupia kwenye kundi, na kabla hamjafika Uyole watu mia na ushee walikuwa wamenisikia.

Siku ya kwanza niliogopa kwa jumla, kama anavyoogopa mtu yeyote. Niliogopa malori yatokayo Zambia na mabasi yanayogombea dakika. Niliogopa mteremko wa Inyala, ambako breki hunuka na madereva wasiosali husali. Ewe barabara, nilisema, barabara ya lami na misalaba ya pembeni, hawa watatu ni wembamba, wapishe. Hawakuja kukuchokoza, wanapita tu, wapishe. Wateja walikuja, nikaziba pancha, nikajaza upepo, nikanyoosha rimu, na kila honi iliyolia kutoka upande wa mashariki niliinua kichwa.

Saa kumi na moja jioni ikaja sauti yako. Mmefika Chimala. Miguu si yako tena, umeikopesha. Mnakwenda kula wali na samaki, na wali wa huku, Tupo, ni mweupe mpaka unaona haya kuumaliza. Ulikuwa unasema huku unaisukuma baiskeli. Nikasikia watu wa sokoni, nikasikia mashine ya kukoboa mpunga, nikasikia jogoo aliyepotea saa. Nikaituma sauti kwenye kundi. Watu wakarudisha mioyo na mikono iliyofumbatana. Nikala, nikashiba, nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa kitu.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, ukapita msiba.

Baba alinifundisha mambo mawili kabla hajanikabidhi spana. La kwanza, nati hukazwa mara mbili: kwa vidole, kisha kwa chuma. La pili, msiba ukipita, chuma kilale. Unaweka chini ulichoshika, hata kama umebakiza nusu mzunguko, unavua kofia, unasimama mpaka gari la mwisho lipite. Mstari wetu mzima wa mafundi hufanya hivyo. Wachomeleaji huzima moto, seremala huacha msumari nusu ubaoni. Ukiendelea kugonga chuma wakati mwenzio anapitishwa, baba alisema, hata uliyemtengenezea hatabarikiwa na kazi yako.

Basi pikapu ikapita, taa zinawaka mchana, jeneza limefunikwa kitenge, na nyuma akina mama wakiimba kwa Kinyakyusa, ule wimbo wa kusindikiza unaopanda taratibu na kushuka ghafla. Nikaweka spana chini. Nikasimama. Na mkono wangu wa kulia, ukiwa mtupu, ukakumbuka.

Ukakumbuka Alhamisi ya wiki iliyopita. Baiskeli ya tatu, ya bluu, yako, imepinduliwa miguu juu mbele ya duka. Gurudumu la mbele. Nati ya kushoto nimeikaza kwa vidole, nimeikaza kwa chuma. Nati ya kulia nimeikaza kwa vidole. Nimeshika spana. Msiba ukapita. Alikuwa mama mmoja aliyenifundisha shule ya Jumapili, kwa hiyo sikusimama tu. Nilifuata, niliimba mpaka njiapanda, nikarudi macho yamevimba. Nikaokota spana. Na baada ya hapo, Yasmini, sioni kitu. Naona baiskeli imeshasimama. Naona nakupangusia siti. Naona wewe unacheka. Katikati hapo pana shimo, nikichungulia sioni mkono wangu.

Nilikaza? Sikukaza?

Akina mama walikwisha kupita, wimbo ukamezwa na kona, wachomeleaji wakawasha moto, misumari ikaendelea. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Mteja akaniuliza kama marehemu alikuwa ndugu yangu. Nikasema hapana.

Nati ya vidole, nikwambie, ina ustaarabu wa ajabu. Haianguki siku ya kwanza. Hushika. Unaijaribu baiskeli mtaani, inatulia. Unakwenda nayo mtaa wa Soweto na kurudi, inatulia. Kisha kila tuta inalegea kidogo, kila kiraka cha lami inalegea kidogo, kidogo ambacho jicho halioni. Halafu siku moja, mteremkoni, gurudumu la mbele linashika njia yake na mwenye baiskeli anashika yake. Nimeona mara mbili katika maisha yangu. Mmoja anatembea kwa gongo mpaka leo.

Kwa hiyo hofu yangu ilikuwa imepata jina, imepata upande, imepata saizi. Kulia, mbele, spana ya kumi na nne.

Nikajitetea. Wamepita Inyala, nikasema, na aliyepita Inyala amekazwa. Nikaifungua sauti yako ya Chimala, nikaiweka sikioni, safari hii si kukusikiliza wewe, kuisikiliza baiskeli. Wali. Samaki. Mashine ya mpunga. Jogoo. Na chini ya hayo yote, pale unapoisukuma: ko. Kimya. Ko. Kimya. Ko. Kila mzunguko mara moja. Niliirudia mara nane, nikijaribu kuisikia kuwa kitu kingine, kiatu chako, jiwe, moyo wangu. Mlio ule naujua tangu nina miaka tisa.

Nilitakiwa kupiga simu pale pale. Nilishika simu. Na nilipoifungua, cha kwanza kilichonitazama ni ile video: mimi, kiuno, tumbo mbele, nikikaza mimi hakazi mwingine. Nikawaona watu mia na ushee. Nikawaona mafundi wa mstari wetu, wanaume kumi na wawili, ambao tangu baba afe wanangoja kwa adabu kubwa mwanamke akosee. Nikasema, ngoja jioni, akifika nitamwambia kwa utaratibu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma kweli kweli. Kutwa nzima mlikuwa mnapanda kutoka Igawa, mnapanda vilima vya Halali, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya meza yangu ya kazi nimekunja magoti yote mawili, hata lile bovu.

Ko. Ko. Ko. Ilikuwa inagonga kichwani mwangu hata nikijaza upepo.

Saa kumi na mbili kasoro ukapiga mwenyewe, sauti imekaushwa na upepo wa Makambako. Mmefika. Gwakisa kaungua pua. Evarista kawashika miguu mmoja mmoja, kawakanda kama anawazalisha. Nilicheka mahali pa kucheka. Kisha ukaniuliza, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua:

“Tupo, baiskeli inalia mbele. Inaweza kuwa nini?”

Mlango ulikuwa wazi, shoga yangu. Ulinifungulia na ukaushikilia kwa mkono wako. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili, angalia nati, na fundi yeyote wa Makambako angemaliza kazi kabla chai haijapoa. Maneno mawili. Na mdomo wangu, huu ninaolia nao, ukasema:

“Vumbi hilo. Litatoka lenyewe.”

Ukasema haya. Ukaniambia nilale salama. Nilibaki nimeshika simu, nikiisubiri iseme kitu kingine.

Usiku sitausimulia. Asubuhi ya siku ya tatu nilipiga kabla hakujapambazuka vizuri. Mteja hapatikani. Gwakisa, hapatikani. Evarista, ikaita, ikaita, haikupokelewa, maana Evarista akiendesha huizika simu chini ya nguo ndani ya begi, na mimi mwenyewe ndiye niliyemsifia kwa akili hiyo. Nikakuandikia: Yasmini simama, usiendeshe. Tiki moja. Saa moja asubuhi, tiki moja. Saa mbili, tiki moja, ya kijivu, kama jicho la mtu asiyetaka kuniona.

Na barabara ya siku ile naijua. Kutoka Makambako kwenda Nyororo, kutoka Nyororo kwenda Mafinga, misonobari inasimama pande zote mbili, imekaza safu, na katikati yanapita malori ya mbao, malori ya magogo, yamepakia mpaka yanahema, yakishuka bonde hayana mjadala na mtu. Ewe barabara. Mlaze mtu huyu pembeni. Mpe pancha. Mpe njaa, mpe usingizi, mpe mchubuko wa goti, mpe chochote kidogo kitakachomsimamisha, nitakushukuru.

Nikaiomba na nati. Ndiyo, niliomba nati, mimi Mmoraviani. Ewe nati, chuma kidogo kuliko kitumbua, shika. Shika mpaka kile kilima. Ukifika kile kilima shika mpaka kile kingine. Sikukupa chuma, nilikupa vidole, basi shika kwa vidole hivyo hivyo, wewe ndiye mkono wangu pekee uliobaki huko.

Saa tatu nikashindwa. Nilikuona, Yasmini, nilikuona umelala kwenye lami, helmeti imekaa upande kama kawaida yako, na gurudumu linaviringika peke yake kuelekea porini. Niliona hivyo nikiwa nimesimama kweupe dukani kwangu na mtu ananiuliza bei ya tyubu. Mficha uchi hazai. Nikafungua lile kundi, nikabonyeza pa kusemea, nikasema:

“Mimi Tupokigwe, fundi. Baiskeli ya Yasmini sikuikaza nati ya mbele, kulia. Jana aliniuliza, nikamdanganya. Yeyote aliye kati ya Makambako na Mafinga, naomba amsimamishe.”

Nikaachia kidole. Ikaenda. Na kundi zima likanyamaza, watu mia na ushee, hata wale wa kutuma maua kila asubuhi. Kwenye kibanda cha nne nikasikia sauti yangu mwenyewe ikicheza kwenye simu ya fundi Rabson, nati ya mbele, kulia. Kisha kwenye kibanda cha sita. Kisha kwa muuza supu. Nilisikia jina langu likishuka mstari mzima bila mimi. Sikujali. Nasema ukweli, pale sikujali hata kidogo.

Aliyejibu wa kwanza alikuwa binamu yako Shamsudin, dereva wa lori la mbao. Aliandika maneno matatu tu. Nipo Nyororo. Nageuza.

Malori ya mbao niliyokuwa nayalaani tangu alfajiri, moja lilikuwa linageuza kwa ajili yako.

Nikakaa. Dakika tano. Dakika kumi. Aliyetaka tyubu akaacha kuitaka, akaketi kwenye kigoda karibu yangu, mtu nisiyemjua. Dakika ishirini. Nilikuwa nahesabu miteremko: huu umeisha, huu je. Nilikuwa nakuendesha mimi, kutoka Mbeya, kwa meno. Dakika thelathini na tano, simu ikaita.

Shamsudin. Injini inaunguruma nyuma yake, upepo unapiga simu. Akasema amewapata wamekaa pembeni wanakula ndizi, na kwa wasiwasi wake amewafungia njia kwa lori zima kabla hajaona kwamba wamekaa. Akasema ameinama kaangalia mwenyewe, kajaribu kwa mkono, kajaribu kwa spana ya lori. Nati ipo, dada. Imekazwa barabara, mpaka rangi imekwaruzika. Nani kakwambia haijakazwa?

Nilikaza, nikasema, kumbe nilikaza, mkono ulikaza bila mimi. Nililia, nikacheka, nikamshika bega yule mtu wa kwenye kigoda nikamtikisa, naye akacheka bila kujua anachekea nini. Ndipo ukachukua simu.

Hukunikaripia. Heri ungenikaripia. Ulinisimulia kwa sauti ya chini, kwa mpangilio, kama unampimia mteja kitenge. Kwamba Chimala, siku ya kwanza, ulipokuwa unaisukuma kwenda mlipofikia kulala, gurudumu lilicheza. Kwamba ulilipeleka kwa fundi wa pale sokoni, mzee Obeid, naye akaifungua nati ile kwa vidole viwili, hakugusa spana, akakutazama. Akasema aliyekuundia hii hakupendi. Ukamwambia uliilegeza mwenyewe njiani kwa ujinga wako, hujui baiskeli, fundi wako ni hodari kuliko yeye. Akaikaza huku anaguna. Gwakisa alitaka kunipigia hapo hapo, ukamkataza. Ulisema Tupo akisikia atakufa kwa aibu, tumwache, tutamwambia tukirudi, tucheke. Mkala wali, mkalala.

Lakini siku ya pili, kwenye vile vilima, ulisema, wazo likakuingia na halikutoka. Anajua au hajui? Kama hajui, si kitu, mkono wa mtu huteleza. Kama anajua, atanipigia. Simu yako ulikuwa umeiwasha kutwa nzima, unaiangalia kila mnapopumzika. Sikupiga. Ndipo jioni ukaniuliza.

“Ilikuwa hailii, Tupo,” ukasema. “Nilikuuliza tu.”

Nikasikia lori likiunguruma. Nikasikia Evarista akimwambia Gwakisa asogee. Nikakuomba msamaha, nadhani nilikuomba, sijui kama ulitoka mdomoni. Ukasema mnachelewa, upepo unaanza. Ukamrudishia Shamsudin simu yake.

Mchana ule fundi Rabson alikuja. Nilijua anakuja kufaidi. Alisimama mlangoni, akazungusha kofia mkononi, akasema yeye aliwahi kuacha breki ya mtu hivyo hivyo, msiba ulipita, na mpaka leo hajamwambia yeyote. Akaenda zake. Kisha akaja mwingine wa kibanda cha tisa, naye na lake. Jambo la nati lilisameheka kabla jua halijazama. Kosa la mkono watu wanalielewa, kila mtu anayo mikono. Kuteleza si kuanguka. Lakini mimi mkono uliteleza, mdomo ndio ulioanguka, na hilo halikuwa la Rabson kulisamehe.

Sauti ya jioni ile, ya Mafinga, haikuwa yako. Ilikuwa ya Evarista, akisalimu kwa Kihehe. Kamwene wote, tumefika salama, kuna baridi, tunashukuru. Sekunde saba. Nikaituma kwenye kundi, kazi yangu ni hiyo. Nikaisikiliza tena na tena nikitafuta nyuma yake kikohozi chako, kicheko chako, kijiko chako kwenye kikombe. Hapakuwa na kitu. Ulikuwa hai, umekazwa, uko salama, kilomita mia mbili na hamsini kutoka kwangu. Na niliogopa kuliko asubuhi.

Siku ya nne mlishuka Ifunda, mkapita Tanangozi, na picha zilianza kumiminika kwenye kundi bila kupitia kwangu. Watoto wa shule wakikimbia pembeni yenu. Gwakisa na pua yake. Ipogolo, daraja, halafu ule mlima wa mwisho wa kupanda mjini, ambao wengine huupanda kwa kusukuma, na wewe ulikuwa umekaa kwenye siti, umeinama, unaupanda. Waliandika kwamba michango imetimia, mashine itanunuliwa. Nilifurahi. Nilifurahi kwa upande mmoja wa mwili.

Saa tisa ulipiga.

Nyuma yako vigelegele, ngoma, akina mama wa kituo cha Evarista wakiimba na watoto mgongoni. Ukasogea. Nilisikia kelele zikipungua hatua kwa hatua mpaka ikabaki pumzi yako peke yake. Nikakuuliza kama umefika, swali la mjinga, na ukajibu kwamba umefika.

“Nilikuwa naogopa,” nikasema. “Siku zote hizi.”

“Hata mimi. Barabara sikuiogopa sana. Nilikuogopa wewe.”

Mimi mwenye maneno, mimi wa kujishika kiuno, nikaishika simu kwa mikono miwili, nikangoja ukate. Hukukata. Nikasikia unakunywa maji. Nikasikia mtu anakuita, na unamwambia subiri kidogo. Nikasikia unashusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyeendesha siku nne. Kisha ukaniuliza, kwa sauti ile ya kila siku ya miaka kumi na mmoja:

“Umekula?”

Nikasema sijala tangu juzi.

“Kale. Jumamosi narudi, tutaongea.”

Ukakata. Nikainuka, nikabandika maji ya ugali.

Leo ni Ijumaa. Nimekula, Yasmini. Bado naogopa.